Dada, usimpe binti kazi ya kumpima mdogo wake

Mleta mada, hapana. Salamu baadaye. Umeuliza wanafunzi wa sekondari wanafundishwa nini kwenye kozi ya utangulizi wa saikolojia, kama itamfaa binti yako anayesubiri kwenda kidato cha tano, anunue vitabu gani, na kama ada ya hicho kituo ni ya haki. Halafu mwishoni kabisa ukaandika, kama jambo dogo tu, kwamba mmekubaliana aanze mazoezi kwa mdogo wake wa darasa la tatu, kwa sababu anazubaa sana darasani na mwalimu anasema ni uvivu. Hapo ndipo niliposhtuka. Nimetoka kazini Igoma sasa hivi, hata viatu sijavua.

Usifanye hivyo. Mtu unayekula naye sahani moja usimpime. Ukisoma mpaka hapa ukafunga simu, hilo litatosha.

Mimi nilisoma kozi kama hiyo hapa hapa Mwanza, wiki sita, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Siku ya kwanza mkufunzi alisimama mbele akatuambia tukimaliza tutaweza kumtazama mtu na kujua kinachomsumbua. Akasema nyumbani ndiyo maabara yetu, tuanze na wadogo zetu. Mwisho tukapewa cheti chenye mhuri, na mayu, yaani mama yangu, akakibandika sebuleni karibu na kalenda.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minane, na alikuwa na tabia ya kukatika. Unamtuma chumvi, anafika mlangoni anasimama. Macho yanapanda kidogo, kope zinacheza, ukihesabu polepole hufiki kumi na tano, halafu anaendelea na safari yake kama hakuna kilichotokea. Dukani anauliza, "Nimetumwa nini vile?" Jirani yetu, bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa, alimwambia mayu: "Huyu mtoto anakwenda na kurudi. Mpelekeni hospitali." Mimi nikamkatiza mbele ya watu. Nikamweleza kuhusu B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, jinsi alivyofunza panya na njiwa, na kwamba tabia yoyote inayolipa hurudiwa. Nikasema mtoto anazubaa kwa sababu akizubaa tunamsikiliza. Bibi alinitazama, akaendelea kugeuza dagaa wake.

Baba alikuwa amehamia Ukerewe kwenye kambi ya uvuvi karibu na kipindi kile kile kuzubaa kulipoanza. Kwangu ushahidi ukawa umetimia: mtoto anamkumbuka baba, anatafuta kuhurumiwa. Nikachukua karatasi ya manila, nikachora siku za mwezi, nikaibandika nyuma ya mlango. Siku asiyozubaa anapata nyota na andazi. Akizubaa, hakuna mtu kumsemesha kwa dakika kumi, ili tabia ife yenyewe. Mayu hakupenda, lakini alikubali. Kulikuwa na cheti ukutani.

Miezi saba, dada. Nyota zilikuwa za kuhesabu. Na kila nyota ilipokosekana, mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu wasimjibu. Anakuja na daftari anauliza hesabu, sisi kimya, anarudi kukaa kwenye kigoda chake.

Siku moja alikwenda na mjomba mwaloni Kirumba. Walikuwa wanashusha mzigo, na mtoto anapita kwenye ubao kutoka mtumbwini kwenda nchi kavu. Katikati ya ubao alisimama. Mjomba anasema hakuteleza wala hakupiga kelele, alisimama tu kama mtu anayewaza, kisha akaingia majini na ndoo yake. Kuli mmoja aliruka akamtoa. Ule ubao ungekuwa mita chache zaidi ndani ziwani, au kuli yule angekuwa amegeukia upande mwingine, nisingekuwa naandika haya.

Tukapanda naye hospitali ya Bugando. Daktari hakuuliza habari za baba wala za nyota. Alimwomba mtoto ashike kipande cha karatasi mbele ya mdomo na kukipuliza mfululizo, kwa nguvu, bila kupumzika. Karatasi ikawa inapepea. Ilipita kama dakika moja na nusu, ikasimama. Mtoto macho juu, kope zinacheza, mkono umeshika karatasi vile vile. Daktari akamwita jina mara mbili, kimya. Kisha karatasi ikaanza kupepea tena, na mtoto hakujua kama alikuwa ameacha.

Ni kifafa. Kuna aina ambayo mtoto haanguki wala hatikisiki. Anapotea sekunde chache, anarudi, na inaweza kutokea mara nyingi kwa siku moja. Mara nyingi huanza kati ya miaka 4 na 10, na kupumua haraka na kwa nguvu ndiko huwa kunaiita, ndiyo maana ya ile karatasi. Ina dawa, na watoto wengi huachana nayo wakikua. Yule bibi wa dagaa aliiona kwa macho matupu.

Kisha daktari akaukunja mkono wa shati la mtoto akauliza alama hizi ni za nini. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko kushuka, ulikuwa na alama za kucha, nyingine mbichi, nyingine zimeshaacha makovu. Mtoto akajibu bila kusita: "Najifinya nisizubae, nipate nyota."

Siwezi kuliandika hilo vizuri zaidi ya hivyo. Alirudia darasa mwaka ule. Leo ni mtu mzima, ana duka lake la vifaa vya nyavu, hana kinyongo na mimi. Alama mbili bado zipo.

Sasa kuhusu yule mkufunzi. Kozi yoyote ya maana ya utangulizi huanza na mbinu za utafiti, na ile sura yeye aliiruka, akasema inachosha. Ndiyo sura ambayo ingeniokoa. Inafundisha kwamba mambo mawili kwenda pamoja hakumaanishi moja limezaa lingine. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Siku hizo mwaloni kunafurika, na vibanda vya chipsi navyo vinauza kuliko kawaida. Chipsi haziiti dagaa, pesa ya dagaa ndiyo inayonunua chipsi. Mimi nilimwona baba ameondoka na mtoto anazubaa, nikafunga hesabu. Sura hiyo hiyo inafundisha kwamba mtu akishashika jibu, hukusanya yale tu yanayoliunga mkono. Daftari la mdogo wangu la Kiswahili nilikuwa nalipitia kila jioni. Katikati ya neno mwandiko unaporomoka, unageuka mstari unaoteremka kama mnyoo, kisha neno linalofuata limenyooka vizuri. Niliuona ule mstari mara nyingi sana. Nikaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: uzembe.

Na aliruka maadili pia. Mwaka 1920 wanasaikolojia John Watson na Rosalie Rayner walichapisha jaribio lao kwa mtoto mchanga waliyemwita Albert. Walimwonyesha panya mweupe huku wakigonga chuma nyuma yake, mpaka akawa anamwogopa panya hata chuma kisipogongwa. Hofu ile hawakumwondolea. Wanafunzi wa sekondari huko Marekani na Uingereza wanasomeshwa kisa hicho ili wajue kwa nini leo huruhusiwi kumfanyia mtoto jambo la namna hiyo. Sisi tulisimuliwa kama mbinu ya kwenda kutumia nyumbani! Mtu anachukua pesa za watoto wa form four, anawapa mhuri, anawatuma kwenda kuwapima wadogo zao, na yeye jioni analala vizuri. Nilimfuata baadaye nikamweleza. Akaniambia nilielewa vibaya. Hapana, nilielewa alichofundisha, tatizo ni kile alichofundisha.

Msinielewe vibaya, somo lenyewe ni zuri na binti alisome. Atakutana na Wilhelm Wundt aliyefungua maabara ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, ambako wengi huanzia kuhesabu historia ya somo hili. Atasoma ubongo na mishipa ya fahamu, na Phineas Gage ambaye mwaka 1848 fimbo ya chuma ilimpita kichwani akabaki hai, ila watu wake wakasema si Gage yule tena. Pavlov na mbwa wake waliozoea kudondosha mate kwa ishara tu ya chakula, Piaget na jinsi mtoto anavyokua kifikra, usingizi, hisia, haiba, magonjwa ya akili. Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alichapisha vipimo vya usahaulifu alivyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha tunasahau kwa kasi mwanzoni na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashikilia zaidi kuliko kukesha usiku mmoja. Hilo peke yake litamlipia ada kidato cha tano. Na Stanley Milgram, ambaye kwenye jaribio alilochapisha mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho wa swichi za umeme, volti 450, wakiamini wanamuumiza mtu chumba cha pili, kwa sababu tu mwenye koti la maabara alisema endelea. Kila nikifika kwa Milgram namwona mayu akikitazama kile cheti, halafu anamnyima mwanawe jibu.

Wale mtakaokuja kulalamika uzi ni mrefu, geuzeni sato wenu kwanza asiungue, uzi haukimbii.

Dada, rudi kwa mwanao. Sisemi ana kifafa, mimi ndiye mtu wa mwisho wa kusema hivyo. Inaweza kuwa masikio, macho, usingizi, au mwalimu tu. Ninachosema ni kwamba jibu halipo kwa binti yako wala kwenye kozi yake, na wala si kwangu. Binti ana kazi moja tu: mdogo wake akizubaa, amrekodi kwa simu, sauti yake ikisikika anamwita jina, na aandike saa ilipoanza na ilipoisha. Asimkemee, asimpe zawadi, asiandike sababu yoyote. Mpaka mjue ni nini, mtoto asiende kuoga ziwani wala kuchota maji peke yake, na asikae karibu na jiko la mafuta.

Muwahi asubuhi, foleni huwa ndefu, mfungieni chapati. Beba ile video, na ubebe daftari lake la shule, usilisafishe wala kulifunika upya. Lifungue pale ambapo mwandiko umekatika katikati ya neno, kama upo, umwonyeshe daktari. Halafu mkunje mkono wa shati mtoto ukiwa bado nyumbani, umtazame.