Bwawa la uani lishughulikiwe kabla ya vuli

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni kazi gani ya nyumbani isiyofaa kungoja mvua za vuli. Wengi watataja bati linalovuja na mtaro ulioziba, na wana haki. Mimi nataja bwawa dogo la nyuma ya nyumba, lile la sato wachache na mayungiyungi, na kazi yenyewe ni kutoa tope.

Mwenye bwawa akitafuta ushauri mtandaoni hukutana na kalenda ya Ulaya: acha kulisha samaki maji yakishuka chini ya nyuzi 10, toboa barafu, ngoja majira ya kuchipua. Hapa Mwanza hayo hayatuhusu. Joto letu la Januari na la Julai halipishani sana. Kinachobadilika ni maji. Kuanzia Juni hadi Septemba bwawa hupungua na kuwa zito, Oktoba vuli inaingia, na Machi hadi Mei ni masika. Anayetunza bwawa kwa kufuata baridi na joto atakuwa anafanya kazi sahihi kwa wakati usio wake.

Septemba maji yakiwa chini ndipo tope linapofikika. Lile jeusi linalonuka mayai viza ni majani ya mwembe yaliyooza, kinyesi cha samaki na pumba zilizosazwa. Mvua kubwa ya kwanza ikilivuruga kwa ghafla, linakula oksijeni ya maji na kutoa gesi yenye sumu, na asubuhi unakuta samaki wanaelea. Hamishia samaki kwenye pipa lenye maji yaleyale ya bwawa, kisha chota tope nusu tu; sehemu nyingine iache wiki mbili mbele. Bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo na kwenye mawe, na ukisugua kila kitu mpaka kiwe cheupe utaanza upya na maji yasiyo na uhai. Tope lenyewe wapelekee migomba.

Wakati huohuo tazama mayungiyungi. Lile la samawati la ghuba zetu hufunguka mchana, jeupe hufunguka usiku, na yote mawili yamezoea madimbwi yanayokauka: kiazi hulala kwenye tope, mvua ikirudi kinachipua. Kwa hiyo majani yakipungua mwezi wa nane si ugonjwa, na usiyamwagie mbolea. Nyanyua karai analokaa yungiyungi. Mizizi ikiwa imesongamana, kata, bakiza vipande vyenye chipukizi, na uvipande kwenye udongo wa mfinyanzi. Samadi na mboji haziyafai mayungiyungi, maana huelea na kuozea majini. Juu weka changarawe ili sato wasichimbue. Anza na kina cha sentimita 30, ushushe karai kadiri majani yanavyofika juu. Majani yakifunika nusu ya uso wa maji inatosha. Kivuli hicho huwanyima mwani mwanga.

Mvua zikianza, adui ni maji ya mlimani. Sisi tunaokaa kwenye miteremko ya miamba tunajua yanavyoshuka kwa nguvu, yakibeba udongo, kinyesi cha kuku na maji ya sabuni ya majirani. Rutuba hiyo ndiyo inayofanya bwawa liwe kijani kama mlenda. Upande wa juu chimba mfereji wa kuyakinga au jenga ukingo wa mawe, na mawe hatujawahi kuyakosa. Mawingu yakitanda siku kadhaa, chungulia bwawa alfajiri. Samaki wakipanda kuhemea juu, ujue oksijeni imepungua, kwa sababu mimea na mwani usiku nao huitumia. Sitisha chakula, na uchote maji kwa ndoo ukiyamwaga tena kutoka juu ili yachanganyike na hewa.

Sasa magugu maji, na hapa naomba nisikilizwe. Ua lake la zambarau linavutia, na mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, ni la bure. Usilipeleke nyumbani. Asili yake ni Amerika Kusini; lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 liliziba mialo hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Mbawakawa walioletwa kulila walisaidia sana, lakini halijaisha. Uani litafunika bwawa lote katika muda mfupi, na mbegu zake hukaa hai kwenye tope zaidi ya miaka 10. Tena mizizi yake hubeba konokono, wakiwemo wanaohifadhi vimelea vya kichocho, ugonjwa ambao watoto wa kandokando ya ziwa hili wameuvumilia vya kutosha. Kama tayari unalo, ling'oe, ulianike juu ya mwamba mpaka likauke kabisa. Kulitupa mtaroni ni kulirudisha ziwani, maana mitaro mingi ya mjini humwaga Mto Mirongo au ziwani moja kwa moja.

Mmea wowote wa ziwani, hata yungiyungi, uoshwe na kukaguliwa chini ya majani, mahali konokono wanapobandika mayai yao ya utelezi. Maji ya ziwa yakae kwenye pipa siku mbili bila konokono kabla ya kuyatumia. Vimelea vinavyotoboa ngozi huwa vimekufa. Ingia bwawani na mabuti, na watoto wakatazwe kabisa kukojoa humo. Mbu hawasumbui kukiwa na sato wadogo, ila fyeka majani ya pembeni ambako samaki hawafiki, viluwiluwi hujificha hapo.

Kiangazi hakina mengi: ongeza maji kidogo kidogo jioni. Ya bomba yana klorini, yaache kwanza kwenye pipa wazi siku moja au mbili.

Vipande vya yungiyungi vitakavyobaki Septemba wagawie majirani, vikiwa vimeshaoshwa na kukaguliwa.