Shamba la babu Kalenga: uanzie wapi

Pole na msiba, dada. Umeuliza uanzie wapi kujua historia ya shamba la babu kule Kalenga, Iringa. Anza na wazee, tena mwezi huu huu, karatasi zitakusubiri. Usiwaulize jambo lilitokea mwaka gani, waulize: ilikuwa kabla au baada ya Operesheni Vijiji? Katika operesheni hiyo, kati ya 1973 na 1976, serikali ya Tanzania ilihamishia familia nyingi kwenye vijiji vya pamoja, kwa hiyo nyumba mnayoijua huenda siyo makazi ya mwanzo. Mwombe mzee mmoja akupeleke kwenye mahame yenyewe, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, mtazame makaburi na miti ya mpakani. Mimi nililia nilipoonyeshwa ya kwetu. Halafu nenda parokiani: vitabu vya ubatizo hutaja wazazi. Ofisi ya kijiji na ya ardhi zifuate baadaye.