Maswali na majibu: Mbu anafuata jembe

Mvua zimeingia Uganda, na barua za wiki hii zote ni mbu, mbu, mbu. Kabla ya kuketi mezani kuandika nilizunguka miaka mingi na upawa wa kuchotea viluwiluwi wa mbu, kwa hiyo leo mtanivumilia. Waliouliza kama mbu wanaambukiza Ukimwi sitawajibu. Hawaambukizi, na nilishasema.

*Mzee, sisi wa milimani Kabale babu zetu hawakuijua malaria. Siku hizi kila nyumba ina mgonjwa. Majirani wanasema imeletwa na watu wanaohamia kutoka mabondeni. Ni kweli? (Mwalimu, Kabale)*

Mwalimu, babu zako homa waliijua, tena kila waliposhuka chini walirudi nayo. Mgeni anaweza kuja na vimelea kwenye damu, lakini hawezi kuja na joto mfukoni. Na kule juu kilichokuwa kikiwalinda ni baridi.

Mabonde yenu yalikuwa yamejaa mafunjo. Mafunjo yakisongamana, jua haliyafikii maji, na bonde linabaki baridi. Mkayafyeka, mkachimba mitaro, mkapanda viazi na kabichi, kwingine mkaweka ng'ombe. Kuna watafiti waliopima vijiji vya Kabale, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000: vijiji vinavyopakana na vinamasi vilivyolimwa vilikuwa na joto zaidi, kwa nyuzi 0.8 hadi 0.9, kuliko vile vinavyopakana na mafunjo. Na kadiri joto la usiku lilivyopanda, ndivyo mbu wa jamii ya gambiae, wanaoeneza malaria, walivyozidi ndani ya nyumba.

Utasema nyuzi moja haifiki, ni kitu gani hicho? Piga hesabu. Kimelea cha malaria kali hakikui ndani ya mbu joto likiwa nyuzi 16. Kwenye nyuzi 20 kinahitaji siku kama 28 mpaka kiwe tayari kuambukiza. Kwenye nyuzi 21, siku 22. Kwenye 25, siku 12 tu. Mbu wengi hawamalizi mwezi. Ndiyo maana zamani mbu wa Kabale alikuwa anakufa malaria yake ingali mbichi. Ukimpunguzia siku sita, anaiwahi. Halafu zikaja mvua za El Niño za 1997 na 1998, na mlipuko mliouona mnaukumbuka.

Kwa hiyo mwacheni mgeni. Tazameni mitaro yenu.

*Tunafyatua matofali kwenye kinamasi. Watu wa NEMA, mamlaka ya mazingira, wanatusumbua, wanasema mashimo yetu yanazaa mbu. Si kisingizio cha kutufukuza tu? (Vijana sita, Wakiso)*

Kukufukuzeni wana sababu zao nyingine, lakini hili la mbu ni kweli.

Njooni siku moja asubuhi, nami nikiwa na upawa. Tutachota kwanza ndani ya mafunjo mazito, penye kivuli. Tutapata vijidudu vingi, pengine samaki wadogo, na viluwiluwi wachache au hakuna. Kisha tuchote kwenye shimo lenu la mwezi jana: maji ya rangi ya chai ya maziwa, jua limepiga, samaki hakuna, chura hajahamia. Mtawaona viluwiluwi wamelala bapa juu ya maji kama vipande vya uzi. Hao ni anofelesi, mbu wa malaria. Wanaoning'inia kichwa chini ni kuleksi, wale wa kelele usiku, wanaopenda maji machafu ya vyoo na mifereji. Anofelesi gambiae anataka maji madogo, mapya, yenye jua. Hata nyayo ya ng'ombe inamtosha. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku kumi hivi, shimo lisipokauka.

Lile mliloliacha ndilo baya kuliko mnalolichimba. Mkimaliza udongo, fukieni, au chimbeni njia ya maji kutoka. Najua hamtafanya, kwa sababu mwenye kiwanja anasubiri shimo lijae taka apate kujenga juu yake. Ardhioevu ilikuwa zaidi ya asilimia 15 ya nchi hii mwaka 1994. Iliyobaki salama leo haifiki asilimia 10, na wala si ninyi vijana sita mliomaliza. Nendeni kinamasi cha Lwera mkaone mashimo ya mchanga ya wakubwa, halafu mniambie nani alianza kusumbuliwa.

*Nikipanda mikaratusi kuzunguka nyumba, mbu watakimbia? (Msomaji, Mukono)*

Hapana. Mti uliosimama haufukuzi mbu. Utakunywa maji ya kisima chako tu.

*Tunalima mpunga Doho. Kila mwaka afisa anakuja kutuambia mpunga unaleta malaria, halafu mwingine anakuja kutuambia tulime zaidi. Tumsikilize nani? (Mama mkulima, Butaleja)*

Pole, mama. Wote wawili wanasema kweli, ila hawajakaa meza moja.

Mpunga ukiwa mchanga, maji yako wazi na jua linapiga. Hapo ndipo gambiae na ndugu zake wanajaa. Ukishafunga na kutia kivuli, wanapungua. Zamani wataalamu walishangaa kuona baadhi ya vijiji vya mpunga Afrika vina mbu wengi lakini malaria haijazidi ya majirani. Maelezo yao: mpunga unaleta fedha, na fedha zinanunua neti, dawa na nyumba bora. Lakini siku hizi neti zinagawiwa hata kwa asiyelima, kwa hiyo nafuu hiyo ya mkulima inayeyuka na mbu wake wanabaki.

Mkiweza kupatana kwenye mfereji, kausheni mashamba siku chache kisha mrudishe maji, hasa wiki zile za mwanzo. Kukausha kweli, si kuacha matope yenye madimbwi. Mmoja akikausha na jirani akifurika, mmejisumbua bure.

*Nyani wanatoka msituni kula ndizi zetu. Tumeambiwa wana homa ya manjano. Tuwaue? (Baba wa watoto wanne, Bundibugyo)*

Msiwaue. Kwanza, wengi mnaowaita nyani ni kima. Pili, swali lenu ni la zamani kuliko ninyi. Watafiti wa kituo cha homa ya manjano cha Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 1936, walikuja huko Bwamba kulichunguza, na walichokiona ni hiki: juu kabisa ya miti kuna mbu anayeitwa Aedes africanus, anayewauma kima jioni. Virusi vinazunguka huko juu bila kumgusa mtu. Kisha mtu anapanda migomba hadi mlangoni kwa msitu. Kima anashuka kuiba ndizi, na ndani ya shamba anaumwa na mbu mwingine, Aedes simpsoni, anayezaliana kwenye maji yanayotuama pale jani la mgomba linapokutana na shina. Magimbi nayo yana vikombe kama hivyo. Mbu huyo ndiye anayekuuma wewe unapokata matoke mchana.

Daraja ni shamba lililopandwa mlangoni mwa msitu. Ukimuua kima, mbu anabaki na njaa na wewe uko jirani. Acheni nafasi kati ya migomba na msitu, na mkachanjwe. Sindano moja inatosha maisha yote.

*Kaka, unatetea vinamasi kila wiki. Apac tumezungukwa navyo, mbona malaria yetu haina mfano? (Mwanafunzi, Apac)*

Hapa umenibana, na nilikuwa nasubiri mtu wa Apac aandike. Ni kweli: mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko kwenu ilipimwa kwamba mtu mmoja anapata zaidi ya miumo 1,500 ya mbu wenye vimelea kwa mwaka, yaani zaidi ya minne kila usiku. Kuna mbu mwingine, funestus, ambaye kinyume na gambiae anapenda maji ya kudumu yenye majani kandokando, na ninyi mna Ziwa Kwania na vinamasi vyake mlangoni. Kinamasi si malaika, na sijawahi kusema ni malaika.

Lakini kukifyeka hakumfukuzi funestus peke yake. Kunamkaribisha gambiae pia. Kwenu dawa ni neti, kupuliza nyumba, kuziba uwazi kati ya ukuta na paa, na chanjo ya malaria ya watoto iliyozinduliwa hapo hapo Apac Aprili 2025. Kina mama, rudini kwa dozi zote.

*Kwa nini serikali isikate msitu wa Zika tumalize virusi hivyo? (Msomaji, Entebbe)*

Virusi viligunduliwa humo mwaka 1947, kwenye damu ya tumbili wa utafiti. Waliougua kwa wingi Brazili mwaka 2015 hawajawahi kuuona msitu huo. Mbu aliyewauma anazaliana kwenye matairi na ndoo. Nyuma ya gereji yako kuna matairi mangapi? Na matangi yasiyofunikwa ya majengo mapya yanayoota kila kilima yananitia wasiwasi zaidi, maana anofelesi wa mjini, stephensi, aliyeonekana Djibouti mwaka 2012, ameshafika Kenya, na yeye hahitaji kinamasi wala shamba. Tangi linamtosha.

*Dawa gani ya kupaka ni nzuri? (Wasomaji kumi na moja)*

Neti. Ilalieni, msivulie mukene, yaani dagaa.