Moduli kuukuu ya miksa: uliza kwanza waya zilikuwa zinakwenda wapi

Moduli zote nne zilikuwa kimya. Umeme unaingia, taa nyekundu ya kuzidi sauti inawaka nikigonga maiki, lakini kwenye spika hausikii kitu. Ndugu yangu aliyeko Uingereza alinibebea kwenye begi, chaneli nne zilizotolewa kwenye miksa ya Kiingereza ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambayo studio moja ilikuwa inaitupa. Nilijiambia zimechoka. Nikaanza na ya kwanza: nikabadilisha aisi moja (kale kadude keusi chenye miguu kanakokuza sauti), kisha ya pili, kisha kapasita zote za upande wa maiki. Majuma matatu yakaisha, na kimya ni kile kile.

Mwishowe nikaifunga moduli kwenye kanga nikaipeleka Kariakoo kwa mzee mmoja fundi wa redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii ilikuwa imechomekwa wapi?"

Nikamweleza. Akaigeuza, akaangalia pini za nyuma kwa muda mrefu bila kushika mita. Kisha akauliza, "Na hizi pini, zote unajua zilikuwa zinakwenda wapi?" Nilizijua sita. Zilikuwepo kumi na nane.

Hilo swali ndilo ninalotaka ulichukue. Moduli ya chaneli ni kiungo kilichokatwa kwenye mwili. Ndani ya miksa ilikuwa inapewa umeme, inapewa sehemu ya kuegemea volti sifuri, na mara nyingi sauti yenyewe ilikuwa inatoka nje ya moduli na kurudi tena. Kwangu ilikuwa hivi: baada ya hatua ya kwanza ya kukuza sauti, mawimbi yalitoka kwenda kwenye jeki ya insati nyuma ya miksa, tundu la kuchomekea kifaa cha nje katikati ya njia ya sauti. Jeki hiyo ina swichi ndani yake. Usipochomeka kitu inaunganisha njia, sauti inarudi kwenye moduli na kuendelea na safari. Mimi nilikuwa na moduli bila jeki, kwa hiyo sauti ilifika mlangoni ikaishia hapo. Kipande cha waya cha sentimita mbili kati ya pini mbili, na chaneli ikazungumza. Aisi nilizozitoa zilikuwa nzima.

Dalili zilikuwepo, sikuzisoma. Taa ilikuwa inawaka nikigonga maiki, maana yake hatua ya kwanza ilikuwa inafanya kazi. Na moduli nne zikiugua ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja, tafuta nje yake kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kushika pasi ya lehemu, chora pini zote kwenye karatasi. Weka mita kwenye mlio, pale inapolia ncha zake mbili zikiwa zimeunganika, anza na aisi. Kama ni TL072 au NE5532, mguu wa 8 ni umeme chanya na wa 4 ni hasi. Fuata mpaka upate pini zake kwenye soketi. Kwenye NE5534 chanya ni mguu wa 7. Volti sifuri utaipata pale kapasita kubwa za umeme chanya na hasi zinapokutana. Umeme wa fantomu, ule unaopelekwa kwenye maiki kupitia waya zake, unapatikana kirahisi: tafuta rezista mbili za kilo-omu 6.8 karibu na pini za maiki, mahali zinapoungana ndipo volti 48 huingilia. Zinazobaki ndizo zenye mafumbo, na ndizo utakazozihitaji.

Tahadhari kwa mwenye bahati ya kupata Neve 1073, moduli maarufu ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1970. Hiyo haina umeme wa pande mbili. Inakula volti 24 za upande mmoja, ina transfoma ya kuingilia na ya kutokea, na ninayoyaeleza hapa kuhusu chanya na hasi hayaihusu.

Umeme niliujenga kwa aisi za kudhibiti volti, LM317 upande wa chanya na LM337 upande wa hasi. Rezista ya omu 240 na ya kilo-omu 3 zinakupa karibu volti 17, na moduli zangu ndizo zilizokuwa zinataka. Hapa niliunguza fyuzi mbili. Nilizifunga LM317 na LM337 kwenye bati moja la aluminiamu la kupozea bila karatasi ya maika inayozuia umeme kupita, nikisahau kwamba mgongo wa LM317 umeungana na mguu wake wa kutolea, na wa LM337 umeungana na mguu wake wa kupokelea. Bati likawa daraja. Weka maika, kisha pima kwa mita kabla ya kuwasha.

Moduli usiipe umeme moja kwa moja siku ya kwanza. Mimi hupitisha kila upande kwenye rezista ya omu 100 ya wati 5, halafu napima volti juu ya rezista hiyo. Volti 4 ni miliampea 40, jambo la kawaida kwa chaneli ya namna hii. Moduli yangu ya pili baadaye ilionyesha karibu volti zote 17 upande wa hasi, yaani kuna mahali pameungana na sifuri. Nilizima, nikapima: chini ya omu moja. Ilikuwa kapasita ya tantalamu, yale matone madogo ya rangi ya chungwa. Yakizeeka hufa kwa kujiunganisha, na bila ile rezista lingewaka na kuchoma bodi. Nilinyanyua mguu mmoja mmoja mpaka nikalipata la tano. Yote nikayabadilisha kwa kapasita za kawaida za volti 35.

Poti, yaani vile vidhibiti vya kuzungusha, zikikwaruza, watu hukimbilia dawa ya kupuliza. Puliza, ndiyo, lakini mkwaruzo ukirudi baada ya siku mbili pima volti kwenye mguu wa kati wa poti. Ukikuta volti yoyote ya moja kwa moja, kapasita iliyo mbele yake inavuja, na hakuna dawa ya kupuliza itakayoiponya.

Mvumo nao usikilize vizuri, maana una aina mbili. Umeme wetu ni hezi 50. Mvumo mzito wa 50 unatoka kwenye transfoma iliyo karibu mno au kwenye ethi zinazozunguka (vifaa vikiungana na ethi kwa njia zaidi ya moja), wakati ule wenye ncha, wa 100, unatoka kwenye kapasita za kuchuja za kikasha cha umeme. Nilipoitoa transfoma kwenye raki, fremu niliyofungia moduli, na kuiweka kwenye kasha lake mita moja pembeni, karibu mvumo wote uliisha. Kilichobaki kilikwisha nilipokutanisha volti sifuri na bodi ya chuma mahali pamoja tu.

Kuna wanaokata mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Tafadhali usifanye hivyo. Transfoma ikivuja, anayeshika maiki ndiye anayekuwa ethi, na mara nyingi ni mwimbaji mwenye mdomo juu ya chuma.

Kwenye raki moduli zimelala ubavu, moja juu ya nyingine, kwa sababu zikisimama haziingii. Tatu zinafanya kazi kila siku. Ya nne besi yake inakata nikigusa swichi ya ekwaliza, nadhani ni lehemu iliyopasuka, nitaishughulikia Jumamosi. Mchoro wa pini kumi na nane nimeukunja mara mbili na kuubandika kwa gundi ndani ya kifuniko.