Maswali yenu: vitenzi vya Kiingereza na sentensi za vitabuni

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka palepale, mtu kakutana na kitenzi cha Kiingereza kwenye riwaya au shairi, kakimbilia kamusi, karudi kachanganyikiwa kuliko alivyoenda. Nimechagua machache na yale yanayofanana nimeyaunganisha, mtanisamehe kama lako limekatwa mkia.

Shikamoo mwalimu. Nimesoma "Things fall apart, the centre cannot hold". Kamusi inasema hold ni kushika. Sasa hicho kitovu kinashindwa kushika nini?

Marahaba. Huo mstari ni wa W. B. Yeats, shairi lake la The Second Coming lililotoka 1920, na ndo hapo Chinua Achebe alipochukua jina la riwaya yake ya 1958, ile ambayo kwa Kiswahili wengi wameisoma kama Shujaa Okonkwo.

Umeuliza kinashika "nini", na jibu lenyewe limejificha humohumo kwenye swali lako, hakuna nini. Baada ya hold sentensi imeisha, hakuna kitu kinachoshikwa. Linganisha: "he held the rope", hapo kuna mtu na kuna kamba, kwahiyo ni kushika kwa mkono kama ulivyozoea. Sasa geuza, "the rope held", kamba ndo imekuwa mtendaji na mbele yake hakuna kitu, maana yake kamba haikukatika, ilihimili. Na sisi tunalo hilihili wala hatushangai, tunasema breki hazishiki, gundi imeshika, nani amewahi kuuliza gundi imeshika nini? Basi kitovu cha Yeats ni kama hizo breki, hakishiki tena, na ndo maana vitu vinasambaratika.

Kwahiyo kabla hujafungua kamusi angalia mambo mawili, nani au nini kinafanya, alafu baada ya kitenzi kimekaa nini: mtu, kitu, wazo, kale kaneno kadogo kama on, out, up, au hakuna kitu kabisa. "Hold a meeting" ni kuendesha mkutano, "hold a view" ni kuwa na msimamo, "hold out" ni kutokata tamaa, na hakuna hata moja kati ya hizo utakayoipata kwa kukariri kwamba hold = shika. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye anateseka hivihivi na piga, umwambie maana yake ni kugonga, alafu akutane na piga simu, piga picha, piga pasi, piga mluzi, masikini ataanza kuogopa simu za watu.

Mimi ni msomaji wa Biblia. Zaburi ya 23 kwa Kiingereza: "The Lord is my shepherd, I shall not want." Ina maana "sitataka"?

Hapana, na nafurahi umeleta hii kwasababu jibu tayari unalo nyumbani, fungua Biblia ya Kiswahili: "Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Tafsiri ya Kiingereza uliyonukuu ni ile ya mwaka 1611, na wakati huo want maana yake kubwa ilikuwa kukosa, kupungukiwa. Kutaka kumekuja baadaye kukaifunika ile ya zamani, ila haijafa kabisa, hata leo mtu akipimwa akaonekana hafai Waingereza wanasema "found wanting", na hiyo nayo imetoka Danieli sura ya 5, umepimwa katika mizani nawe umeonekana kuwa umepunguka.

Humohumo utakutana na "Suffer the little children to come unto me", Marko 10:14, sio kwamba watoto wateseke! Kiswahili kinasema "Waacheni watoto wadogo waje kwangu". Suffer hapo ni kuruhusu. Yaani mtu mwenye Biblia mbili, ya 1611 na ya Kiswahili, ana darasa zima la vitenzi vya zamani mezani kwake bila kulipa mtu, ila ajue ni vya zamani, asiende kumwambia bosi "suffer me to go home".

Nimeona kwenye Hamlet "I'll make a ghost of him that lets me". Let si ni kuruhusu? Mbona anataka kumuua anayemruhusu?

Kwasababu let hapo ni kuzuia. Ndiyo, kinyume kabisa. Angalia tukio katika hiyo tamthilia ya Shakespeare, Hamlet anataka kuufuata mzimu na wenzake wamemkamata asiende, sasa atamkasirikia nani kama sio anayemzuia? Hapo kamusi ndogo haikusaidii, hadithi ndo inakusaidia. Maana ukiona haiendani na tukio usilazimishe, ujue kuna maana nyingine.

Naomba nisicheke peke yangu. Riwaya ya Jane Austen inaitwa Emma, wapo kwenye gari la farasi, imeandikwa Mr. Elton alikuwa "actually making violent love to her". Hivi hicho kitabu kinafundishwa shuleni kweli??

Kinafundishwa na hakuna tatizo lolote ndugu yangu, punguza presha. Emma ilitoka mwishoni mwa 1815 na kipindi hicho "make love to" ilikuwa ni kutongoza, kumwaga maneno ya mapenzi, na violent hapo ni kwa pupa, kwa nguvu za hisia. Jamaa kamshika mkono dada wa watu anamwaga sera, basi, na dada mwenyewe hamtaki. Maana unayoijua wewe, ya kufanya mapenzi, imeshika kasi karne ya 20. Ndo maana nasema kila siku, ukinakili sentensi ya kitabu kwenye daftari lako andika na mwaka pembeni. Sentensi isiyo na mwaka itakuja kukuaibisha.

Kwanini kamusi kubwa za Kiingereza zinaweka sentensi za watu waliokufa zamani badala ya kutunga zao rahisi?

Kwasababu sentensi zilitangulia, maana zikafuata. Samuel Johnson kabla ya kamusi yake ya 1755 alisoma vitabu anapiga mstari sentensi anazozitaka, wasaidizi wake wakazinakili kwenye vikaratasi, alafu ndo akakaa kuamua neno lina maana ngapi. Kamusi kubwa ya Oxford nayo ilijengwa hivyo, watu wa kujitolea walituma vikaratasi kwa mamilioni, sehemu ya kwanza ikatoka 1884 na ya mwisho 1928. Katika toleo lake la 1989 kitenzi set peke yake kilipewa maana zaidi ya 400. Hakuna mtu anayeweza kukaa akazitunga hizo kichwani, ilibidi zikusanywe.

Ila kwa mwanafunzi anayeanza, kamusi za namna hiyo ni nzito, mi nashauri kamusi za wanafunzi kama COBUILD, iliyoanza 1987, sentensi zake zimetoka kwenye maandishi na mazungumzo ya kweli ya siku hizi. Vitabu vya zamani viwe vya kuongezea.

Sentensi ngapi zinatosha kukijua kitenzi? Na nizipate wapi bure?

Namba sina. Endelea hadi uweze kukisia kitakachofuata kabla hujakisoma. Bure, nenda Project Gutenberg, maktaba ya vitabu ya mtandaoni, ipo tangu 1971, unashusha kitabu kizima unatafuta kitenzi chako ndani yake. Kumbuka tu vingi humo ni vya zamani, rudi kwa Mr. Elton hapo juu.

Programu za akili mnemba zinanitungia sentensi nzuri tu, riwaya za nini?

Zitumie kwa sentensi nyepesi. Tatizo ni kwamba ukiomba sentensi ya kuonyesha maana fulani utapewa inayoonyesha maana hiyohiyo uliyoomba, haitakushtua kama hold ya Yeats ilivyomshtua mwenzako. Na ukiambiwa "hii kaandika Shakespeare" nenda kaihakiki kwenye tamthilia yenyewe, zinatunga nukuu bila aibu.

"She lay on the bed." Lay si ni kuweka, kutaga? Kaweka nini kitandani?

Hakuweka kitu. Hiyo lay ni wakati uliopita wa lie, kulala au kujinyoosha. Riwaya nyingi zinasimuliwa kwa wakati uliopita kwahiyo utaikuta kila baada ya kurasa mbili. Angalia baada yake, kama kuna kitu, "she lays the book on the table", ni kuweka, kama hakuna, mwache alale.