Barua kwa mwanangu anayetaka kuandika filamu za kuchekesha

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Isha, nikaurudia. Umeniuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kuandika filamu za kuchekesha, au ni mambo ya ujana tu, kisha arudi kwenye kazi ya maana. Anaweza, na kazi ya maana ndiyo hiyo. Lakini usiingie peke yako. Tafuta mwenzio wa kuandika naye.

Nikueleze habari za Billy Wilder, mwandishi na mwongozaji wa filamu wa Hollywood, ambaye mimi na marehemu baba yako tulizipenda sana filamu zake. Alizaliwa 1906 huko Sucha, mji ambao leo uko Poland. Alikuwa mwandishi wa magazeti Vienna na Berlin, kisha akaingia kwenye filamu. Hitler aliposhika madaraka 1933, Wilder, kwa kuwa ni Myahudi, alikimbilia Paris, na mwaka uliofuata akafika Marekani na Kiingereza cha kubabaisha. Hebu fikiria: mtu riziki yake ni maneno, naye yuko mahali ambapo maneno yake hayana mnunuzi. Mama yake alibaki nyuma, akauawa na Wanazi. Watu wakisema vichekesho ni kazi ya wasio na shida, mimi humkumbuka yeye.

Basi akaandika na wenzake. Kwanza Charles Brackett, miaka mingi. Kisha, kuanzia filamu yao ya 1957, I.A.L. Diamond, naye mhamiaji, mzaliwa wa Romania. Wawili hawa walitoa filamu 12. Walishinda ofisini pamoja, na neno alilolikataa mmoja halikuingia. Huyo anayeweza kukukatalia ndiye ninayetaka umpate, si rafiki wa kukuchekea kila unalosema.

Tazama walivyoijenga Some Like It Hot ya 1959. Wanamuziki wawili wanaume wanavaa nguo za kike na kujiunga na bendi ya wanawake. Wazo lenyewe lilitoka kwenye filamu ya zamani ya Ulaya. Swali lililowakalia ni hili: mambo yakiwaharibikia, kwa nini wasivue tu hizo wigi waende zao? Jibu walilolipata ni mauaji. Wanamuziki hao wameshuhudia majambazi wa Chicago wakiua watu, wakitambuliwa, wamekwisha. Kuanzia hapo kila kicheko kina hofu chini yake. Naona hapa ndipo skripti zetu nyingi hulegea: mzaha upo, tena mtamu, lakini mhusika hana cha kupoteza.

Kuna mahali Jack Lemmon, anayeigiza mmoja wa wanamuziki hao, anamweleza mwenzake kwamba amechumbiwa, huku akitikisa manyanga. Wilder ndiye aliyempa manyanga hayo, ili katikati ya maneno watu wapate nafasi ya kucheka na jibu linalofuata lisimezwe na kelele. Nakuomba uliangalie pahali hapo tena na tena. Na ile kauli ya mwisho ya filamu, ya kwamba hakuna aliyekamilika, Diamond ndiye aliyeitoa. Waliiweka kwa muda tu, wakitumaini kupata bora zaidi, na ndiyo inayokumbukwa hadi leo.

Mwaka 1960 wakatoa The Apartment, iliyompa Wilder tuzo tatu za Oscar, ile ya uandishi akigawana na Diamond. Lakini filamu yao ya mwisho ilikuwa 1981. Diamond alifariki 1988, na Wilder aliishi hadi 2002 bila kutoa nyingine. Nakwambia haya kwa sababu hata aliyefika juu hivyo hakuhakikishiwa kazi uzeeni. Kwa hivyo usiache mshahara wako wa Nairobi mwaka huu. Andika usiku. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, basi kurasa 90 mkigawana wawili si mlima.

Jambo la pili ni la ofisini kwangu. Hapa Mombasa kila mtu anawajua wachekeshaji Mzee Ojwang, na King Majuto wa Tanga, Mungu awarehemu. Uliza nani aliyeandika vichekesho vyao, utaona watu wakitazamana. Mwandishi hana sura, ana karatasi tu, na miaka yote niliyochapa mikataba kwa mawakili pale Treasury Square imenionyesha karatasi hiyo inavyopotea. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi uliyoagizwa na mtu kuiandika huhesabiwa kuwa hakimiliki yake amepewa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Na skripti yako inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada yako, wanao wataila. Kwa hivyo wewe na mwenzio andikianeni kwanza mtakavyogawana, kabla hata ya ukurasa wa kwanza. Mtayarishaji akikuletea mkataba, nitumie niusome wote kabla hujatia saini, hata kama anakuhimiza.

Mamako