Kwa anayeanza kuunda mtambo wa kurushia mawe: shughulika na wenzo kabla ya uzito

Kama umeamua kujifunza mitambo ya kale ya kurushia mawe kwa kuunda mmoja kwa mikono yako, nakuonya mapema: jiwe la kwanza huenda likaruka kinyumenyume. Langu liliruka hivyo. Nilisimama nyuma ya mtambo, mahali nilipodhani ni salama kuliko pote, nikavuta kamba ya kufyatulia. Jiwe likapaa, likapita juu ya utosi wangu, likatua hatua tatu nyuma yangu. Nikajiambia nguvu haitoshi, nikaongeza mchanga kwenye ndoo, ambayo ndiyo uzito unaovuta mkono wa mtambo. Safari ya pili jiwe likaenda nyuma kwa kasi zaidi.

Siku hizi nasimama ubavuni, mbali, na kamba ndefu mkononi. Yeyote anayekuja kujifunza kwangu simruhusu kugusa mchanga kabla hajanieleza wenzo wake unafanya nini.

Wenzo wengi tuliujua kwa mfano wa mtaimbo na jiwe zito. Unasukuma ncha ndefu kwa nguvu kidogo, egemeo likiwa karibu na mzigo, na jiwe linanyanyuka kiasi cha upana wa vidole viwili. Umelipa kwa mwendo, umepewa nguvu. Mtambo wa kurusha ni mtaimbo huohuo uliogeuzwa: nguvu kubwa inaingia upande mfupi, kasi inatoka upande mrefu. Mkono mrefu ukiwa mara 4 ya ule mfupi, upande wa kizito, yaani ile ndoo ya mchanga, ukishuka sentimita 10, ncha ya pili inakuwa imepita sentimita 40 kwa muda uleule. Kasi mara 4, nguvu robo. Ndiyo maana kizito lazima kiwe kizito kwelikweli, na kitu unachorusha kiwe chepesi. Anayeanza akilielewa hili, nusu ya maswali anayoniuliza hujibika yenyewe.

Kabla hujakata mbao, jua pia mtambo wako ni wa ukoo gani, maana watu huchanganya sana. Ukoo mmoja hutunza nishati ndani ya kitu kinachopindwa au kusokotwa. Manati ya mpira na panda ya mti ni mjukuu wa huko. Habari zake za zamani zinatupeleka Syracuse, mji wa Wagiriki kisiwani Sicily, mwaka 399 KK, mtawala Dionysius I alipokusanya mafundi kujiandaa kwa vita na Carthage, dola ya Afrika Kaskazini. Walianza na pinde kubwa, kisha wakaja waliotumia mafungu ya kano za wanyama na nywele zilizosokotwa, mkono wa mti ukiwa umechomekwa katikati.

Hapo kwenye mafungu ya kano ndipo ninapopapenda, kwa sababu mafundi wale walipima. Philo wa Byzantium, mwandishi Mgiriki wa mambo ya ufundi, ametuachia kanuni yao: chukua uzito wa jiwe kwa mina, kipimo cha Wagiriki, zidisha kwa 100, tafuta kipeuo cha tatu, kisha ongeza sehemu ya kumi ya jibu. Unachopata ni kipenyo cha fungu la kano, kikihesabiwa kwa vidole, na kidole kimoja ni kama milimita 19. Jaribu jiwe la mina 10, yaani kilo 4 na ushee: unapata 1,000, kipeuo chake 10, ongeza 1, basi vidole 11. Karibu sentimita 21. Na vipimo vingine vya mtambo vilitokana na kipenyo hicho. Angalia kipeuo cha tatu kinavyosema: jiwe likiwa zito mara 8, kipenyo kinaongezeka mara 2 tu, kwa kuwa nishati inakaa katika ujazo wote wa fungu. Wanafunzi hunikuzia mfano mdogo kwa kuzidisha kila kitu mara 2 halafu wakashangaa ubao unapasuka. Wasome Philo kwanza.

Wa ukoo huo huo ni onager ya Warumi, maana yake punda mwitu, yenye mkono mmoja unaojigonga kwenye mto uliojazwa makapi. Ammianus Marcellinus, askari aliyeandika historia katika karne ya 4, anasema haukuwekwa juu ya ukuta wa mawe kwa sababu ungeubomoa kwa mshindo wake, wala si kwa uzito wake. Ukiunda mtambo wa aina hii, mshindo huo utaujua. Misumari yangu ililegea baada ya mirusho sita.

Ukoo wa pili ndio wenzo mtupu, na ndio ninaokushauri uanze nao. Wachina waliutumia kabla ya Kristo, watu wakivuta kamba upande mfupi kwa pamoja. Shida yake ni kwamba watu huchoka, na mvuto mmoja haufanani na mwingine. Kufikia karne ya 12, katika nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, watu walibadilishwa na kisanduku cha mawe au udongo. Al-Tarsusi alieleza mtambo wa namna hiyo katika kitabu alichomwandikia Salahuddin. Waarabu waliuita manjaniq; Wafaransa, trebuchet. Kizito hakichoki, na kikianguka kutoka kimo kilekile kinatoa nishati ileile, kwa hiyo jiwe la ishirini linapiga palepale lilipopiga la kwanza. Ukuta hauvumilii hilo. Mwaka 1273 mji wa Xiangyang, huko China, ulisalimu amri mbele ya mitambo iliyoundwa na wahandisi Waislamu waliotumikia jeshi la Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia. Mwaka 1304 huko Stirling, Uskoti, walinzi wa ngome walitaka kujisalimisha, lakini mfalme Edward I akakataa kuwapokea mpaka kwanza aujaribu mtambo wake mpya, Warwolf. Namwelewa. Ukishaunda kitu miezi kadhaa, hutaki mtu akuambie vita vimekwisha.

Sasa hesabu ya kwako. Ndoo ya kilo 10 ikishuka nusu mita inatoa juli 49. Tuseme unarusha mpira wa gramu 100. Kama nishati yote ingeingia kwenye mpira, ungeondoka kwa mita 31 hivi kwa sekunde, na ukirushwa kwa nyuzi 45 pasipo ukinzani wa hewa ungefika mita 100. Hutafika. Sehemu ya nishati inabaki kwenye mkono wenyewe, nyingine kwenye ndoo inayobembea, nyingine inaliwa na ekseli. Ukipata mita 50 mara ya kwanza, uchinje mbuzi. Lakini ujue dari iko wapi, ili mita 12 zisikufurahishe.

Upungufu mwingi hutoka kwenye kombeo, yaani zile kamba zenye mfuko wa jiwe zinazoning'inia kwenye ncha ya mkono mrefu. Wengi huliona kama mfuko wa kushikia jiwe, wakalifupisha lisiwasumbue. Kombeo ni mkono wa pili: linaanza limelala chini ya mtambo, linafunguka nyuma, halafu linazunguka na kulichapa jiwe mbele wakati mkono wa mti unapunguza mwendo. Anza na urefu unaokaribia ule wa mkono mrefu, na ndoo ining'inie kwenye bawaba badala ya kuifunga imara, ianguke karibu na wima.

Halafu kuna ncha. Ncha ya mkono mrefu ina msumari mmoja uliokunjwa. Upande mmoja wa kombeo umefungwa moja kwa moja, upande wa pili una pete iliyovikwa kwenye huo msumari. Pete ikichomoka, jiwe limeachiwa. Msumari ukiwa umenyooka mno, pete inatoka mapema na jiwe linakwenda juu au, kama langu, nyuma. Ukikunjwa mno, pete inachelewa na jiwe linachimba ardhi mbele ya mtambo. Tofauti ya kati ya hayo mawili ni nyuzi chache tu, na hakuna kiasi cha mchanga kitakachoirekebisha.

Kunja msumari kidogo, rusha mara tatu, andika umbali, kunja tena. Rekodi kwa simu, video ya mwendo wa polepole, kutoka ubavuni. Simamisha picha pale pete inapoachia, utazame kombeo limeelekea wapi. Na usisahau kulainisha msumari kwa msasa. Wiki nzima niliwahi kuhangaika na jiwe lililokwenda mara juu mara chini, kumbe ulikuwa na kutu.